Maua Yaliyopelekwa Bweni

Ijumaa, 24 Julai 1970

Uhuru ulipofika Mafia ulikomea Kilindoni. Aliyeufikisha Kirongwe ni mimi, Pazi, kwa miguu, na bendera mkononi. Watu wamesahau, ndiyo maana nimeamua kuandika. Daftari hili ni la elimu ya watu wazima, lakini mimi si mwanafunzi pale. Nakaa nyuma na kumsahihisha mwalimu.

Hali ya nyumba: mke hayupo. Siwema yuko Bweni kwa kaka yake Sabiti tangu tarehe 6 Mei. Jioni ile watu walijaa barazani kwangu kungoja mwezi wa mfungo sita uandame. Nikawa nawaeleza nilivyomuua papa kwa kasia, peke yangu, maji ya kifua. Wametulia kabisa. Siwema akasema kutoka dirishani kwamba papa yule alikuwa mkavu tayari, na alinunuliwa Kilindoni. Wakacheka. Muhidini wa Bweni, yule mjane aliyestaafu kazi ya mnara wa taa Ras Mkumbi, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mwezi ukaandama, nami nikatoa talaka palepale. Moja tu. Mbili ninazo akiba.

Kwa umri wa Siwema, eda yake ni miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo nikisema "nimekurejea" mbele ya mashahidi, anarudi, hakuna mahari wala ndoa mpya. Ikipita, ni mwanamke wa watu na yeyote aweza kumposa. Mwanahija, binti wa dada yangu, ananiletea chakula na maneno. Mjomba, anasema, ni neno moja tu, hata ukimtuma mtu. Nimemjibu kwamba mtu kama mimi harejei mke. Mke hurejea mwenyewe. Kazi yangu ni kumtia hamu tu.

Akauliza nitamtia hamu kwa kitu gani. Nikamwonyesha ua wa nyumba.

Jumamosi, 25 Julai

Maelezo ya silaha. Ni mayungi ya nchi kavu. Mizizi alinipa nesi Specioza wa zahanati, mtu wa Bukoba, mwaka jana, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Yeye aliyapata kwa masista wa huko kwao. Alianza kunieleza tabia zake, nikamkatiza, nikamweleza mimi. Mwaka jana yalitoa majani tu, kama vitunguu vilivyorefuka bila sababu. Wiki hii yamechanua.

Aina ni tatu. Majina yake ya kizungu hayana heshima, kwa hiyo nimeyapa yangu. La rangi ya chungwa nimeliita Azimio, kwa sababu limeenea mpaka kwa jirani bila kuombwa. La manjano, lenye harufu nzuri, ni Bi Mkubwa. Jekundu lililoiva, lenye koo la dhahabu, ni Jemadari. Hakuna mwingine kisiwani mwenye aina tatu. Huenda hata Dar es Salaam hakuna.

Siwema ni mtu wa maua. Hapiti kwenye asumini bila kuinama. Akiliona Bi Mkubwa atafunga kanga zake siku hiyohiyo.

Nimelikata alfajiri, bichi, na umande wake. Nikalifunga kwenye jani la mgomba nikampa Mfaume, anayeleta samaki wa Bweni kwa baiskeli kila asubuhi. Huuza hapa, hula, hulala kidogo, hurudi baada ya alasiri na kufika kwao magharibi. Amelitia ndani ya tenga tupu la samaki. Nikampa na salamu: mwambie Siwema, nilipoliona hili niliikumbuka sura yako.

Jumapili, 26 Julai

Mfaume amerudi na jibu. Siwema alifungua jani, akatazama, akanusa, akafunga. Akauliza kama macho yangu yamezidi kuharibika.

Anajali afya yangu. Mwanzo mzuri.

Leo nimepeleka Azimio, kubwa kama sahani ya chai. Salamu: mwambie, hili ndilo penzi langu lilivyo. Mfaume aliniuliza mara mbili kama nina hakika na maneno hayo. Wauza samaki hawana mashairi ndani yao.

Jumatatu, 27 Julai

Jibu: amesema ameliona, na alilijua siku nyingi.

Nimelisoma jibu hilo kwa makini. Alilijua siku nyingi. Maana yake hajalisahau.

Leo Jemadari. Salamu: hii ndiyo nguvu yangu, na inakungoja. Mfaume akakohoa muda mrefu.

Halafu akanipa habari ambayo sikuiomba. Muhidini wa mnarani anaezeka upya paa la Sabiti. Siku ya tatu sasa. Anapanga makuti, anashuka, anakunywa maji, anapanda tena. Hasemi neno na mtu. Mtu anayefanya kazi bila kusema neno ana jambo lake.

Jumanne, 28 Julai

Jibu la Siwema: hilo halikuwa na haja ya kupandishwa baiskeli.

Mwanahija alikuwa anapakua wali, akasikia. Akatoka nje na mwiko mkononi na hakurudi mpaka wali ukapoa. Nikasikia akicheka na majirani. Sijaona cha kuchekesha. Mwanamke anasema haina haja ya kuletwa, yaani atakuja kuifuata mwenyewe.

Siku ya shamba la ujamaa. Wenzangu walilima mihogo, mimi nilitoa mawazo. Maua nimepeleka matatu kwa pamoja, kila aina moja. Salamu: haya ndiyo maisha yetu ya mbele.

Alhamisi, 30 Julai

Jana Mfaume hakuleta jibu. Amesema Siwema aliyamwagia mbuzi wa Sabiti, na mbuzi akayakataa.

Leo nimekwenda zahanati kwa sababu ya mwiba. Nesi Specioza akauliza hali ya maua yake. Nikamweleza mradi mzima: nakata alfajiri, yanafika Bweni magharibi. Akaacha mguu wangu. Akakaa juu ya mizani ya kupimia watoto, akacheka mpaka mizani ikalia. Akasema, Mzee Pazi, lakini nilikuambia. Maua yale ni ya siku moja. Linafunguka alfajiri, jua likizama limekwisha, limekuwa kama kitambaa cha kudekia. Kesho yake linafunguka jingine kwenye shina lilelile. Kwani huyaoni yanavyonyauka pale nyumbani?

Sijayaona. Yote yaliyochanua niliyakata alfajiri nikayapeleka.

Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa nampima kama naye anajua. Akaniambia mguu wangu mwingine nao ni mchafu.

Nyumbani nimekaa nikazihesabu salamu. Kitambaa cha kudekia, kinanuka samaki: nilikumbuka sura yako. Kitambaa cha kudekia: penzi langu. Kitambaa cha kudekia: nguvu yangu.

Ile ya maisha ya mbele sikuihesabu.

Ijumaa, 31 Julai

Nimesimamisha huduma ya Mfaume. Hakuna kupeleka chochote tena. Aliuliza kama angalau apeleke salamu kavu. Nimekataa. Salamu kavu ni za watu wasio na mpango.

Mwanahija anasema siku zinakwisha. Anasema, mjomba, mtume Mfaume na neno lile moja, mimi na baba tutakuwa mashahidi, kesho shangazi yuko hapa anakukaripia kama zamani. Aliposema kunikaripia nikaacha kutafuna kwa muda. Mfupa, nadhani.

Nimekwenda ofisi ya tawi kuhesabu kwenye kalenda. Kutoka tarehe 6 Mei mpaka tarehe 6 Agosti ni miezi mitatu barabara. Mwanahija anasema eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Nimemweleza kwamba mwezi wa angani hufichwa na mawingu, kalenda ya ofisi haina mawingu, na ina picha ya trekta. Nitatokea Bweni siku yenyewe ya mwisho, asubuhi, kama mgeni rasmi anavyofika watu wakishakaa. Nitakwenda na mashina mazima ndani ya kikapu, na mizizi yake. Maua yatafunguka mbele ya macho yake.

Jumatatu, 3 Agosti

Kazi ngumu. Vichwa vya maua vimenenepa na vinaweza kuchanua kabla ya wakati. Nimevizuia. Kila kimoja nimekizungushia uzi, mizunguko saba, fundo la baharia. Nitaufungua uzi kule Bweni, kila ua litachanua nikiliamrisha. Hata masista wa Bukoba hawakuwahi kuliwaza hili.

Jioni nikiwa katika fundo la tisa, Mwanahija akaja mbio kutoka njiani. Mwezi wa mfungo tisa umeandama, mjomba, watu wote wameuona. Nikamwambia apunguze sauti, anayashtua maua.

Akasimama pale akinitazama. Akaacha bakuli mlangoni akaenda zake.

Jumatano, 5 Agosti

Safari. Nimepanda lori la mbata, kikapu magotini. Barabara ya Bweni haijapata habari za maendeleo. Abiria wenzangu waliuliza ndani ya kikapu mna nini. Nikasema ni mali ya serikali. Lori limekwama kwenye mchanga mara mbili, tumelala kijiji cha njiani. Sikufunua kikapu. Mtu hafunui zawadi njiani.

Alhamisi, 6 Agosti

Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio.

Nimefika kwa Sabiti saa mbili asubuhi. Paa jipya, limenyooka, sina la kusema juu yake. Sabiti yuko barazani na maalim wa Bweni. Muhidini yuko pembeni anakunja kamba. Siwema yupo uani, nimemwona mgongo. Amekonda kidogo, au kanga ni kubwa.

Nikatoa salamu. Nikaweka kikapu katikati. Nikasema kwa sauti ya mkutano: mashahidi mpo, leo ni siku ya mwisho ya eda, mimi Pazi nimemrejea mke wangu Siwema, na hiki ndicho kielelezo. Nikafunua, nikaanza kufungua nyuzi.

Ua halingoji uzi. Siku yake ilifika humo ndani, likafunguka palipokuwa hapana nafasi, likafa. Nilifungua tisa. Yote tisa yalikuwa vitambaa vya kudekia vidogovidogo, vimekunjwa vizuri.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Sabiti akauliza kwa upole, shemeji, siku ya mwisho ya eda kwa hesabu gani? Nikataja kalenda. Akamtazama maalim. Maalim akasema talaka ilitoka mwezi wa mfungo sita ukiandama, na wa mfungo tisa umeandama Jumatatu. Miezi mitatu imekwisha Jumatatu, kwa jua kuzama. Nikataja trekta. Maalim akasema trekta halimo.

Hapo Siwema alikuwa ameshaingia ndani. Akasema nami kutoka nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu mimi sasa ni mwanamume wa nje. Miaka ishirini na mbili ameniona nikijikuna, leo pazia.

Akasema, Bwana Pazi, karibu. Akasema alipoondoka Kirongwe hakufungua mzigo wake wiki mbili nzima. Alijua ninachelewa tu kwa maringo. Akasema maua yale ya kuoza yalimuudhi, lakini kila jioni Mfaume akiingia alitoka nje kuuliza kama kuna neno. Alidhani neno liko chini ya jani. Alipekua. Akasema Jumatatu alikaa mlangoni mpaka mwezi ukaonekana. Mfaume akapita na tenga tupu, akatikisa kichwa. Kisha Jumanne Muhidini akaleta posa, kwa mshenga, kwa adabu.

Nikauliza amemjibu nini. Akasema amemwambia angoje. Halafu akasema, hata wewe ukitaka, posa kama watu wanavyoposa.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikasema barabara ni mbaya sana siku hizi.

Akasema, mizizi iache. Anataka kuliona moja likiwa hai. Amepelekewa mangapi na hajui hata rangi yake.

Jumapili, 9 Agosti

Nimepanda mashina yote upande wa mashariki wa nyumba ya Sabiti, kwenye mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Muhidini alinisaidia kuchimba bila kuombwa na bila kusema neno. Nimemwambia shimo lake ni fupi. Lilikuwa sawa.

Nimewatangazia watu wa Bweni kwamba nimeletwa kuanzisha bustani ya mfano. Wengi wameamini. Mmoja ameuliza kama najua kuotesha vitunguu.

Nalala ukumbini kwa Sabiti. Mbuzi naye analala ukumbini, na mbuzi ana mkeka.

Jumatano, 12 Agosti

Bado majani tu. Mfaume amemuuliza nesi kwa niaba yangu. Nesi anasema mizizi iliyohamishwa huchukua miezi kabla ya kutoa ua. Kwa hiyo nimebuni njia ya mkato. Nimeagiza kwa mwalimu wa Kirongwe karatasi za rangi tatu, na gundi. Ua la karatasi halinyauki. Nitalifunga juu ya shina alfajiri kabla Siwema hajaenda kisimani, atalipita kwa mbali, atalihesabu ni hai. Halafu barazani nitawaeleza watu wa Bweni habari za yule papa. Nimempima upya. Ni mkubwa kuliko nilivyokuwa nikisema.

Asubuhi hii Siwema alipita na ndoo. Akasimama penye majani, akaondoa konokono mmoja kwa kidole. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Akangoja kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kiatu, halafu akaenda zake.

Posa bado sijapeleka. Mshenga nimeshampata: Sabiti mwenyewe amesema yuko tayari, anasubiri nimwambie tu. Kila nikimwendea tunaongea habari za nazi.

Naona haya.