Babu Albert na Makumbusho ya Filamu ya Baraka

Jumatatu, 3 Juni

Jambo hili sijamwambia mtu: chini ya kitanda changu kuna babu yangu.

Yumo ndani ya sanduku la bati, kwenye filamu ya zamani, ile ya kuzungushwa na mashine. Padri mmoja aliipiga zamani hapa Baraka, ufukweni mwa ziwa. Nimeitoa stoo ya parokia nilipokuwa nikifagia. Bila ruhusa. Juu imeandikwa: "Albert na wavuvi". Albert ndiye babu. Alikufa Mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na picha zote zilipotea familia ilipokimbilia Tanzania wakati wa vita. Mama ana masikio makubwa. Kila asubuhi huyafunika kwa kitambaa, akiuliza yalitoka kwa nani.

Nimeamua! Jumapili nafungua Makumbusho ya Filamu ya Baraka, na Mama atamwona baba yake akitembea.

Komite imeundwa leo. Rais: mimi. Mwandishi: mimi. Mlinzi: mimi. Kikao kilikwenda vizuri. Hakuna aliyepinga.

Jumanne, 4 Juni

Mashine yenyewe iko parokiani, na anayeijua ni mmoja tu, msakristia, mtunza vyombo vya kanisa, Mzee Bonaventure. Kuongea na watu naogopa. Nimemwandikia barua rasmi, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba ameipokea. Nikaipitisha chini ya mlango. Nikakimbia.

Saa sita akaja shuleni na karatasi imesainiwa. Mbele ya darasa zima! Akasema eti mutoto akiiba kitu stoo, asisahau ufagio wake hapo hapo. Lakini hakukasirika. Mashine ataitengeneza. Umeme je?

Jenereta iko kwa Lionel. Ole wangu. Lionel hukaa nyuma yangu darasani, na mjomba wake ana nyumba ya kuonyeshea video. Aliniuliza makumbusho ya nini, wakati yeye ana filamu mia mbili kwenye flashi ndogo kama punje ya mahindi. Ataleta jenereta, ila awe Makamu wa Rais. Nimekubali. Komite haina kiti cha pili, atasimama.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungua sanduku. Linanuka siki! Filamu imechacha!

Nimshukuru Mungu nimezaliwa kwa wakausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kwetu kitu kikianza kuchacha, kinaanikwa, na mara moja. Mama alikuwa amekwenda Lweba kununua samaki, kwa hiyo nyavu za kuanikia nilikuwa nazo peke yangu. Nikamtandaza babu mzima, mita kwa mita, kando ya ndagala. Nikawa namgeuza kila saa.

Lionel akapita. Akapaza sauti ufuko wote usikie: eh Nadège, sahani moja ya babu ni bei gani? Bamama wakacheka mpaka wakaweka chini mabeseni. Jibu zuri lilinijia saa tisa, yeye ameshakwenda.

Jioni filamu imejikunja kama maganda ya muhogo. Harufu ya siki imepungua. Sasa inanuka ndagala. Maendeleo!

Jumapili, 9 Juni

Ufunguzi, baada ya misa, darasani kwetu. Madirisha yamezibwa kwa maturubai. Wageni kumi na mmoja, wote wamesaini.

Nikasimama kusoma hotuba. Nikaificha sura yangu nyuma ya karatasi. Lionel akaninyang'anya karatasi akaisoma yeye, na kila nilipoandika "mimi" akaweka "mimi, Lionel".

Mzee Bonaventure akawasha mashine. Ukutani likatokea goti. Goti la mtu, linatetemeka. Mgeni mmoja akalipigia makofi. Kisha mashine ikaanza kutafuna. Filamu ilikuwa imesinyaa, matundu yake hayashiki tena meno ya mashine. Mzee akazima, akaokota kipande, akabandua kichwa cha ndagala, akauliza ni nani aliyeipika hii. Makamu wa Rais akaninyooshea kidole.

Mzee akanifundisha mbele ya wote: filamu inataka mahali pa giza, pakavu, pa baridi. Jua linaiua. Nikatamani kuingia chini ya dawati.

Ndipo Mama akasimama. Akaokota kipande sakafuni, akafunua turubai, akakishika kwenye mwanga. Akasema polepole: kumbe masikio yangu ilitoka kwake. Kipande kikazunguka mkono kwa mkono, mpaka kwa Lionel. Mama akafungua kitambaa chake, akakifunga upya, nyuma ya masikio.

Njiani akanishika mkono. Anataka sasa kumwona anatembea.

Jumatatu, 10 Juni

Kuna sanduku la pili! "Albert na wavuvi, mwisho." Mzee amenikabidhi, akarudia mara tatu: giza, pakavu, na nisiliguse mpaka apate mtu anayejua kazi hiyo. Paa la stoo lilivuja masika yote. Filamu ina unyevu na ukungu. Kungoja? Mama anangoja tangu azaliwe.

Kosa langu nimelielewa kabisa. Jua ni la ndagala, samaki wadogo. Filamu ni kitu kikubwa, na samaki wakubwa wanakaushwa kwa moshi. Tena kibanda chetu cha moshi hakina dirisha: giza tupu, pakavu, sawasawa na Mzee alivyosema.

Nimemtuma Makamu wa Rais kuleta kuni. Nimempanga babu juu ya wavu wa chuma wa kukaushia samaki, nimewasha moto mdogo, nimefunga mlango. Nimekaa nje kulinda.