Cherehani cha Serikali

Jumatatu, 7 Septemba 2009

Dorothea kapiga simu kutoka nyumbani. Tulikuwa naye kiwandani, idara ya kukata khanga, mpaka khanga za China zilipojaa sokoni na bosi akatupunguza. Sasa anasema serikali imetukumbuka. Waliopoteza kazi kwa ajili ya nguo za nje watafundishwa ushonaji na kupewa cherehani, kila mtu chake. Nimelia kidogo. Kalista mwanangu naye akalia, ingawa yeye alikuwa anataka ziwa.

Na kuna zaidi. Afisa wa mpango huo, Bwana Tahir, anakuja huku China, hapa hapa Guangzhou, kununua vyerehani vyenyewe. Namba yangu Dorothea keshampa.

Viza yangu inaisha mwisho wa mwezi, na mwaka huu hawaongezi mtu. Kasmir, baba Kalista, anabaki na masomo yake ya chuo. Mimi na mtoto tunarudi. Tulikuwa hatujui tunarudi kwenye nini. Sasa najua. Nitashona sare za shule, Kalista kakaa mkekani anachezea vifungo. Vile vikubwa, asije akameza.

Tatizo ni marobota. Tangu nifike huku nanunua khanga soko la vitambaa, kule karibu na Kangle, namtumia dada yangu auze. Khanga zile zile zilizonifukuzisha kazi. Nani atanielewa?

Jovitha sijamwambia. Tumepanga naye nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Anauza makava ya simu mtaa wa Dengfeng. Aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema jino linauma.

Jumatano, 9 Septemba

Bwana Tahir kapiga. Atakuja keshokutwa kuona ninavyoishi. Kuona! Kwa hiyo ni mpelelezi.

Mpango wangu: akute mama masikini, hana kazi, hana mbele wala nyuma. Marobota nimeyapanga yamekuwa kochi, juu shuka. Sufuria nzuri nimezificha. Kasmir anasema kwa nini nisimwambie mtu ukweli tu. Kasmir kasoma sana, lakini kuna mambo chuoni hawafundishi.

Jovitha kalikalia lile kochi, kalisifu. Halafu akasema mbona linalia nailoni. Huyu dada ana masikio.

Ijumaa, 11 Septemba

Siku gani hii, jamani.

Nilivaa gauni langu lililopauka. Kalista nikambeba mgongoni kwa khanga niliyoichomoa kwenye robota, nikaifinyangafinyanga kwanza ionekane kuukuu. Nitasema ni ya mwisho kutoka kiwandani kwetu, nimeitunza kwa kumbukumbu.

Mlango ukagongwa. Wiki hii polisi wanapita nyumba hadi nyumba wakikagua pasipoti, eti mji uwe safi kabla ya sikukuu yao ya Oktoba. Nikakumbuka marobota, nikajibanza jikoni, kimya. Ukagongwa tena. Kimya. Mwishowe Jovitha ndiye aliyefungua, na ngazini kasimama Bwana Tahir, shati limelowa jasho lote. Jovitha akamkaribisha kama mgeni wake. Na soda akampa. Nani kamtuma?

Nikajitokeza, nikaanza kusimulia mateso yangu. Nikafika kwenye khanga ya kumbukumbu, nikahisi mtu ananifinya mgongoni. Jovitha! Nikausukuma mkono wake. Akarudi, anakwangua kwa kucha. Nikajua anataka mtoto aamke, alie, nivurugikiwe. Nikamkanyaga mguu. Akanikonyeza. Nikageuka nimkate jicho, na kwa kugeuka nikawa nimempa mheshimiwa mgongo.

Nikamsikia anasogea kuitazama khanga.

"Mama Kalista," akasema polepole, "kiwandani kwenu mlikuwa mnabandika stika za Kichina?"

Nikasema fundi wetu wa mashine alikuwa Mchina. Akauliza, na bei ya yuan, hela ya Kichina? Nikasema fundi huyo alikuwa anapakumbuka sana kwao.

Hakucheka. Akaketi, kochi likalia nailoni. Akainua shuka. Mzigo wa nani huu?

"Wa Jovitha," nikasema.

Jovitha akasema, "Ndiyo, kaka, wangu."

Kumbe Bwana Tahir anatafuta khanga! Za siku ya kuzindua mpango, wavae wafanyakazi wote waliopoteza kazi. Akasema atachukua mzigo mzima. Akanigeukia, akauliza kama na mimi najaribu biashara yoyote. Nikaapa sijawahi kuuza hata kiberiti.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaeleza kwamba vyerehani vya kwanza ni vya wale waliokwisha kujishikiza kwenye biashara, hata ndogo, kwa kuwa hao wanajua kutafuta wateja. Waliokaa tu, awamu ya pili. Nikauliza awamu ya pili lini. Haijapangwa.

Jumamosi, 12 Septemba

Jovitha kaniletea hela za khanga. Zote. Nimempa chochote kidogo, kakataa. Mtu anakataa hela? Basi kuna kitu keshachukua mahali.

"Shosti, anaondoka kesho," ananiambia. "Nenda hotelini kwake, mwambie uliogopa. Ni mtu mzima yule, ana watoto, atakuelewa."

Nimemshukuru vizuri tu. Mtego ule. Anataka nikajikaange mwenyewe.

Lakini wazo limenijia. Bwana Tahir si anataka wafanyabiashara? Atampata mfanyabiashara.

Jumapili, 13 Septemba

Nilivaa wigi la Jovitha (hajui), miwani ya jua na simu mbili mkononi. Moja ni kava tupu. Nilimkuta mapokezi na mabegi yake. Nikamwambia juzi nilikuwa namjaribu tu. Nina maduka matatu, nina kontena liko baharini, laoban wote, wale mabosi wa viwanda vya Xintang, wananijua kwa jina.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akanipa mkono kwa heshima. Anafurahi sana, alisema. Mtu mwenye kontena hahitaji cherehani cha serikali, hivyo jina langu analitoa kabisa, nafasi aipate mwenye shida.

Kalista, mgongoni, akalivuta wigi likaanguka. Bwana Tahir aliniokotea, akapanda teksi.

Nimelia ndani ya basi njia nzima. Kalista akanipapasa shavu kwa kiganja chake, ananipangusa mama yake. Au alikuwa anataka hereni. Nimembusu vile vile. Nimemwambia asamehe, cherehani kitapatikana.

Jumanne, 15 Septemba

Kasmir kaongea na mimi taratibu, bila hasira. Kasema siku nyingine niseme tu kilichopo. Nimekubali. Kwa moyo mmoja kabisa nimekubali.

Jioni Dorothea kapiga. Mpango kama ule umeanza upande mwingine, kwa waliofukuzwa kiwanda cha viatu baada ya ndala za nje kuingia. Afisa wao naye anakuja huku wiki ijayo.

Nimemuuliza Dorothea soli inagandishwaje. Kauliza kwa nini. Nikasema nauliza tu.

Jovitha alikuwa kasimama mlangoni. Alikuja kuulizia wigi lake, eti. Mimi namwona tu. Na yeye anataka kuwa fundi viatu.