Rara Mezani pa Unga

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Hamira amestaafu. Magoti yamekataa. Katika kiwanda hiki cha mikate cha mama mkwe, mkuu wa wakandaji ndiye anayeongoza hodiya, wimbo wetu wa kazi. Anaanzisha, tunaitikia, mikono inafuata mapigo, na wimbo ukiisha unga uko tayari. Saa ya ukutani ni pambo tu.

Mama mkwe ametangaza kuwa mimi na shemeji tutapokezana kuongoza, na Jumamosi atachagua mmoja awe mkuu. Shemeji, kaka wa mke wangu! Sauti yake ni bawaba isiyotiwa mafuta. Ukuu huo nautaka kweli. Miaka yote hii mimi ni mkwe wa kupewa kazi kwa huruma.

Mke wangu ameniomba kitu kimoja tu, niimbe kama alivyoimba Mzee Hamira. Nikamwambia nimemsikia. Kusikia, nimesikia.

Jumanne, 4 Machi

Zamu ya shemeji. Kaimba yaleyale, kanda, geuza, kanda. Mikate ikatoka mizuri. Bahati ya mtende.

Jioni nikafungua kitabu cha shule cha binti yangu. Kumbe nyimbo zina koo zao, kama koo za watu! Bembelezi za kulaza watoto. Mbolezi za msibani. Sifo za kuwasifu watu. Na mfalme wao, rara: wimbo unaosimulia kisa kizima, wenye mapenzi, uadui na kifo. Nilisimama peke yangu sebuleni. Mtu mwenye rara hawezi kushindana na mtu wa kanda-geuza.

Jumatano, 5 Machi

Zamu yangu. Rara haijaiva, nikaongoza kwa bembelezi. Hoja yangu: wimbo laini, mkate laini. Fundi wa tanuri akasinzia wima. Mama tunayemwita Chuma, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi, aliketi. Akauliza kama kuna mto.

Mikate imetoka kama kandambili. Mama mkwe aliuliza kama naumwa. Nikamwambia ni unga wa safari hii. Shemeji akacheka puani. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji tena, kanda-geuza tena. Nikawa naitikia kwa mdomo huku kichwani natunga.

Rara imekamilika! Mwokaji Jasiri, mrefu, sauti ya asali, anampenda binti wa tajiri. Adui yake, mfupi, sauti ya bawaba, anatumbukia mtoni na kuzama. Nikamsomea mke wangu. Akauliza mbona anayekufa anafanana na kaka yake. Nikamjibu kuwa sanaa ni sanaa. Akaenda kufua. Nguo chafu hazikuwapo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ubeti wa kwanza mikono ilikwenda vizuri. Binti wa tajiri alipotokea, ikapunguza mwendo. Adui alipofika ukingoni mwa mto, ikasimama yote. Chuma akauliza ikawaje. Nikaimba ikawaje. Basi akalitua donge lake na kutangaza kuwa hakandi tena mpaka yule maskini aokolewe, maana ndiye pekee mwenye adabu katika kisa kizima. Fundi wa tanuri akasema hapana, afe, ila azikwe kwa heshima. Wakandaji wakagawanyika pande mbili. Hata shemeji alifuta machozi na kuniuliza kama marehemu aliacha watoto.

Unga nao haukusubiri hukumu. Uliumuka ukamwagika nje ya makarai, ukatambaa mezani, ukamshika Chuma kiwiko. Tanuri likawaka tupu. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Akasema kwa upole kwamba ameshaona mkate ulioungua na mkate uliododa, lakini mkate unaongoja hadithi iishe, huo ndio kwanza anauona.

Wateja walirudi mikono mitupu. Niliona aibu, kweli kabisa. Nyumbani mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba jana alimwapia mama yake kuwa mumewe ni mtu wa kutegemewa. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ndiye mkuu. Mimi nimepelekwa uani kupasua kuni, mahali ambapo, kwa maneno ya mama mkwe, nitaimba nitakavyo.

Shemeji mwenyewe kaniletea chai. Kasema nivumilie, atamwomba mama anirudishe mezani, mradi nikubali kuitikia tu. Ana roho nzuri, hilo siwezi kulikana. Nikamshukuru.

Lakini nimekaa juu ya gogo nikawaza, na kosa nimeliona. Rara haikuwa na tatizo. Ilikuwa fupi! Kisa kiliisha kabla watu hawajakizoea. Kikiwa kirefu, chenye mapacha waliopotezana na meli kuzama, watazoea na mikono itarudi kazini yenyewe.

Na wenyewe wanakitaka. Chuma ameshakuja uani, unga hadi mabegani, kuninong'oneza akiuliza kama yule wa mtoni alipona. Nimemwambia majibu ni Jumatatu, palepale kwenye kuni, wakati wa kukanda, na awalete wenzake wote.