Gegedu la Profesa Dankwa

Yaw Dankwa aliwaendeshea gari watafiti wa chuo kikuu pale Kumasi kwa miezi minne, wakamfukuza kwa kuuza petroli yao. Lakini alikuwa ameshaona kitu. Walimimina dawa majini, chembe zake zikajipanga zenyewe mpaka zikaganda. Ipo siku, walisema, itajenga gegedu jipya, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, ndani ya goti bovu, ila majaribio bado miaka kumi. Dankwa hakuwa na subira ya miaka kumi. Hata ya wali kuiva hakuwa nayo.

Akaazima koti jeupe, akajipa uprofesa, akaenda kwa Maame Afriyie, tajiri wa mayai ya jumla. Goti la Maame lilikuwa limekufa, na Jumamosi ndiyo matanga ya dada yake. Asipocheza adowa, ngoma ya mikono ya msibani, mji mzima utasema hakumpenda marehemu.

Dankwa akamkabidhi chupa mbili za pombe ya jini, kama impasavyo mgeni, hela yake ya mwisho hiyo. Kisha akamimina dawa kwenye glasi ya maji "yenye joto la mwili". Mwili gani huo unaotoa mvuke, mimi sijui. Dawa ikawa nyeupe, ikashikana. Wapwa wa Maame wakapiga makofi.

"Chembe zinajuana, Maame. Zikiingia gotini zinashikana mikono zenyewe, hakuna kisu."

Maame aliitazama glasi kwa muda mrefu, kisha akamwita mpwa wake Akyaa, nesi, alete sindano.

"Haya Profesa, pandisha suruali."

"Mimi?"

"Kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza. Wewe umeleta dawa."

Dankwa akadai magoti yake mazima. Maame akasema basi yatazidi kuwa mazima. Ncha ya sindano ilipogusa ngozi, uprofesa wote ukamtoka.

"Ni ute wa yai, Maame. Nihurumie."

"Najua. Trei tatu umenunua dukani kwangu, na huna mke wala mgahawa. Ila glasi ilipoganda, mwanangu, nilitamani iwe kweli."

Wapwa wakataka polisi. Maame akakataa, maana polisi hawasukumi viti.

Jumamosi Maame alicheza adowa juu ya kiti cha magurudumu, mikono yake ikisema yote, watu wakalia. Nyuma yake Dankwa, na koti lake jeupe, alisukuma mbele na nyuma kwa mdundo wa ngoma, tangu asubuhi hadi jua linazama. Waliouliza huyo daktari ni wa nini, Maame aliwajibu taratibu:

"Huyu ndiye gegedu langu jipya. Alijileta mwenyewe."