Agness wa Kiriba na Barabara ya Tausi

Njooni, enyi mpaao samaki mwaloni, nanyi mchungao mifugo nyuma ya majabali; tueni visu, lazeni fimbo, tegeni masikio! Yatakiwa kusimuliwa habari ya Agness binti Machibya, mkunga mstaafu, mshika panga asiyechoka, aliyepigana na uvivu wa farasi hapa Kiriba akaushinda mchana kweupe.

Farasi huyo, jike la kahawia, jina lake Tausi, aliachiwa Agness na jirani mgeni aliyefunga shamba na kurejea kwao. Kwa mapenzi makuu Agness alimlisha pumba asubuhi, pumba jioni, na katikati majani mabichi ya ufukweni yasiyo na ukomo, hata tumbo likawa pipa na kwato zikashika moto. Siku mnyama alipogoma kuinua mguu, akitetemeka mwili mzima, Agness alimkumbatia shingo akalia kama mfiwa.

Ndipo akaja Prosper, daktari wa mifugo wa Musoma, juu ya bodaboda, kwa vumbi na fahari. Akamchoma sindano, akazichonga kwato, akanena: "Mama, huruma yako ndiyo inamuua. Pumba basi. Majani mabichi basi. Maumivu yakiisha, atembee, maana huyu kaumbwa kutembea kutwa. Nikirudi nikamkuta hivi, sitakuwa na dawa nyingine."

Agness hakulala vizuri. Tausi alipopata nafuu, jemadari wetu alichukua kijiti akachora vita vyake mchangani: wigo ndani ya wigo, kuzunguka kiwanja chote, na baina ya wigo na wigo njia ya farasi kupita. Maji yakae kule chini, chumvi kule juu kwenye mwamba, na kokoto konani zikomaze kwato.

Mumewe Magesa, bwana wa ng'ombe na mitumbwi, akasimama kizingitini akahutubu: "Mama Rhobi! Ng'ombe wa baba yangu walikuwaga wengi, na hakuna hata mmoja aliyejengewa barabara! Sisi wenyewe tunarushwarushwa na mashimo mpaka mjini, farasi anapata barabara yake peke yake?"

"Ng'ombe wako wanatembeaga mpaka mlimani, Baba Rhobi. Huyu anatoka kwenye ndoo anaishia kwenye beseni. Shika nguzo."

Bwana wa mitumbwi akashika nguzo.

Ole, pigo la kwanza lilikuwa aibu tupu! Agness aliweka majani makavu yote ya siku lundo moja langoni. Tausi akasimama palepale kama mlinzi wa ikulu, akala lundo mpaka likaisha, kisha akasinzia.

"Umemjengea barabara," Magesa akatangaza, "yeye kaifanya hoteli."

Agness aliketi chini, moyo umemvunjika. Kisha akainuka, akaingia stoo, akauburuta wavu mkuukuu wa sangara, akaukata, akaushona mifuko, akaijaza majani makavu na kuitundika nguzoni, mmoja mbali na mwenzake.

"Wavu wangu!" Magesa akanguruma. "Uliovua sangara wa kutisha, leo unavua nyasi?"

"Ulitoboka zamani. Uache ustaafu kwa heshima."

Tausi akauvuta mfuko wa kwanza. Majani yakatoka kidogokidogo, kwa uchoyo. Akachoka nao. Akautazama wa pili. Agness akaing'ata kanga yake, asithubutu hata kukohoa. Na tazama, kwato ikainuka! Kisha nyingine! Farasi akaenda, akaonja, akaupita mwamba akilamba chumvi, akakanyaga kokoto, akashuka kunywa maji.

Prosper aliporudi, tumbo lilikuwa limepungua na kwato zimepoa. Magesa alikuwa katikati ya njia akiongea na simu, naye Tausi akaja kwa mwendo wa kukimbia, akamsukuma mgongoni kwa pua. Bwana wa ng'ombe na mitumbwi akajibanza wigoni.

"Pita, mama," akasema kwa adabu. "Pita, barabara ni yako."

Agness alicheka mpaka akafuta machozi. Na ijulikane vizazi vyote: hapa Kiriba, farasi mmoja alitoka mfuko hadi mfuko bila kubembelezwa!