Stopa za Gesi na Kiuno cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Kiuno chake kinamsumbua, na daktari amemkataza mitikisiko. Barabara ya kutoka kwake ni mawe matupu. Shemeji, kaka wa mke wangu, alitangaza mezani kwamba atamleta yeye kwa kigari chake, taratibu, kwa sababu gari langu la milimani ni debe la kokoto lenye magurudumu. Wakacheka. Mke wangu naye akacheka! Nikaapa kwamba nitamleta mimi, tena akiwa na kikombe cha chai mkononi, na tone halitamwagika. Nani alinituma?

Jumanne, 5 Machi
Fundi ameingia chini ya gari. Akasema raba zinazozuia ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, isigonge chesisi ya gari zimelika, zimebaki kama vifutio vya shule. Nifunge stopa za gesi: silinda fupi zenye naitrojeni ndani, ambazo huipokea ekseli polepole inapopanda. Alishauri zenye mwendo wa inchi mbili, yaani zinazobonyea kiasi hicho. Shemeji alikuwa amesimama pale, mikono mifukoni. Nikasema nataka za inchi nne. Fundi akaniuliza, mzee, nafasi ya kuziweka unayo? Nikamjibu kwamba ninayo, tele. Sikuwa nimepima chochote.

Jumatano, 6 Machi
Fundi alinionya nisipime gari likiwa juu ya jeki, maana ekseli huning'inia na nafasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Alitaka gari lipimwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha springi zitolewe na ekseli ipandishwe hadi mwisho wake. Kazi ya siku nzima! Nikamshukuru, nikaondoka, nikaliinua gari kwa jeki uani kwangu. Nafasi tele, kama nilivyosema. Nikamwita mchomeleaji wa mageti achomelee vishikio vya stopa. Alikiri kwamba hajawahi kuchomelea kitu kinachotembea. Nikamwambia chuma ni chuma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeteremsha jeki. Gari halikuteremka. Lilishuka kiasi cha kidole, likagoma. Ekseli imezikalia stopa, na stopa zimebanwa kabla ya kuonja jiwe hata moja. Nilikandamiza bampa kwa uzito wangu wote. Ni kama kusukuma ukuta wa benki. Shemeji alipita, akauliza kama natengeneza meza ya kulia. Nikamweleza kwamba stopa mpya huhitaji siku chache za kuzoea.
Gesi haizoei. Najua.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi amepiga simu mara tatu. Sikupokea.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Mama alipanda na kikombe chake, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za kiapo changu na akakiamini. Jiwe la kwanza: chai yote ikaenda darini. La pili: meno yake ya bandia yakadondokea ndani ya kikombe. La tatu: mlio mkali chini yetu, kishikio kimoja cha stopa kimebanduka. Mama alishika kiuno, hakulalamika. Alirudisha meno yake, akaniuliza kwa sauti ndogo, mkwe wangu, ni uzito wangu?
Nilipaswa kusema hapana. Ni neno fupi. Nilitoka nje kukagua gurudumu ambalo halikuwa na kosa lolote.
Shemeji, aliyekuwa nyuma yetu, akambeba Mama kwa kigari chake. Hakunikejeli hata kidogo. Ningefurahi kama angenikejeli.

Jumapili, 10 Machi
Mama amekula robo sahani. Mke wangu alipomsihi aongeze, alisema anajipunguza kidogo, asije akalivunja tena gari la mkwewe. Meza nzima ikanitazama. Mimi nikasoma maandishi ya kopo la chumvi, mwanzo hadi mwisho, kisha nikayarudia. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: jeki.

Jumatatu, 11 Machi
Mama anarudi kwake Jumamosi. Shemeji alijitolea kumpeleka. Mama akakataa, akasema atapanda gari langu, watu wasije wakasema mkwewe ameshindwa. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia.
Nimeazimia kumwambia ukweli wote. Ila si leo. Ungamo hupokelewa vizuri zaidi gari likiwa zima. Kosa nimeliona: inchi nne zilikuwa chache. Nimeagiza stopa za inchi sita. Muuzaji aliuliza kwenye simu kama gari hubeba mzigo mkubwa. Mama alikuwa amekaa karibu. Nikasema ndiyo, mkubwa sana.
Safari hii sikubahatisha. Nimepima mwenyewe, mara mbili, kwa utulivu. Nafasi tele! Nimeandika vipimo ukutani, na gari nimeliacha hapo hapo juu ya jeki, tayari.