Kuhusu Pikipiki ya Idara, Mke Wangu na Makazi ya Shangazi

Kwa Mkuu wa Idara ya Afya,

Ndugu Mkuu,

Natumaini umeamka salama, umekunywa chai yako, na hakuna aliyekuudhi kabla yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mume wa yule muuguzi wenu wa chanjo mliyemkabidhi pikipiki nyekundu ili azifikie zahanati za pembeni. Siku ya makabidhiano nilikuwepo na nilipiga makofi sana. Nayataja makofi hayo mapema ili usije ukayatumia dhidi yangu.

Leo naomba moja kati ya mambo mawili: pikipiki hiyo irudishwe idarani, au idara impatie shangazi yangu chumba cha kulala. Najua mambo haya hayaonekani kuwa na undugu wowote. Nivumilie, utaona ni ndugu wa tumbo moja.

Najua pia kwamba pikipiki ya idara hairuhusiwi kubeba asiye mtumishi. Lakini duka langu liko njiani, na mimi ndiye ninayepakata kasha la chanjo lisirukeruke. Kwa hiyo naomba wakati wote wa safari nihesabiwe kuwa sehemu ya kasha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Sina ugomvi na kukaa nyuma, maana asiyejua kuendesha hukaa alipowekwa. Ugomvi wangu ni kwamba watu wote barabarani humsalimia mke wangu, humuuliza habari za kazi, humtakia safari njema, halafu wakinitupia jicho mimi huuliza kama mgonjwa anaendelea vizuri. Mwenye duka la mabati amekuwa akiniombea nafuu tangu mvua za mwaka jana. Sasa naona haya kumwambia kwamba sijawahi kuumwa, na siku nyingine namkoholea kidogo ili asijisikie vibaya.

2. Watoto. Mtoto yeyote wa mtaa wetu anaujua mlio wa pikipiki ile kuliko anavyoujua wimbo wa shule. Ikisikika tu, wanaingia uvunguni. Mimi hushushwa mlangoni kwa duka langu na pikipiki hiyohiyo, mbele ya kina mama walioleta watoto kupimwa sare. Wananiita Mzee Sindano, jina ambalo kwa fundi wa nguo lingekuwa sifa kama lisingetamkwa na mtu anayekimbia. Sare za msimu huu nimezishona kwa kukisia. Kuna kijana mmoja suruali yake imekomea chini kidogo ya magoti, na mama yake anatangaza kwamba mimi ni mwizi wa vitambaa.

3. Upepo. Hili linaniuma, na nitalisema bila kuzunguka. Kabla ya pikipiki, mimi na mke wangu tulitembea pamoja kila asubuhi, tukiongea tangu mlangoni kwetu hadi dukani kwangu. Jioni yeye huchoka na mimi hulala nikiwa nimekaa, hivyo ndoa yetu kwa kweli ilikuwa inaishi pale njiani. Sasa mbele yangu kuna mgongo, juu ya mgongo kuna helmeti, na katikati kuna upepo. Niliendelea kuongea kwa mazoea. Nilipoona sijibiwi, nikawa huru, nikaanza kusema hata yale ambayo nyumbani huyameza pamoja na chai. Hata hivyo, Ndugu Mkuu, namkosa mke wangu, na huwa namkosa nikiwa nimemshika kiuno.

4. Kuitikia kwa kichwa. Shangazi yangu, aliyenilea, alituma salamu kwamba nyumba anayopanga imepata mwenye nyumba mpya na angependa kuja kuishi kwetu. Kwetu kuna chumba cha nyuma, ambamo mke wangu huanika sare zake na kurundika maboksi matupu ya chanjo. Nikaona nimweleze asubuhi, tukiwa juu ya pikipiki, kama zamani. Nilieleza vizuri, kwa sauti, nikaongeza na huruma. Helmeti ikaitikia. Nikauliza tena ili niwe na uhakika, ikaitikia tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nikampigia shangazi simu nikamwambia mkwe wake amekubali kwa moyo mkunjufu.

Shangazi amefika, Ndugu Mkuu. Amekuja na kitanda, godoro, na redio isiyojua kuzimwa. Alikotoka amekwisha kurudisha ufunguo. Mke wangu akampokea kwa heshima zote, akamwekea maji ya kuoga, kisha akaniita jikoni na kuniuliza kwa upole unaotisha ni nani aliyeulizwa. Nikamkumbusha jinsi helmeti ilivyoitikia mara mbili. Akasema yeye hajui lolote. Tangu hapo shangazi analala sebuleni, kitanda chake kimeziba mlango wa mbele, na sisi tunatoka kwa kupitia jikoni.

Nilifanya uchunguzi. Watu wa mabomba waliichimba barabara yetu wakaondoka bila kuifukia vizuri. Siku moja nilipanda nikafunga mdomo kabisa, na mke wangu akaitikia kwa kichwa tangu sokoni hadi darajani. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekubaliana na mashimo.

5. Wajibu wa idara. Hapa naomba usome polepole. Pikipiki ni ya idara. Helmeti ni ya idara. Mke wangu asubuhi ile alikuwa amevaa sare ya idara, akielekea kwenye kazi ya idara, kwa mafuta ya idara. Basi kichwa kilichoitikia, kwa muda ule, kilikuwa cha nani? Mimi nilimwalika shangazi kwa ruhusa niliyoipata kwa chombo cha serikali, wakati wa kazi. Kwa hiyo aliyemkubali shangazi ni idara, na aliyemkubali mgeni ndiye humlaza. Tena chumba cha nyuma ambacho angelala tayari kimejaa maboksi yenu, na sijawahi kuwalalamikia.

Nimesikia kwamba pale zahanati kuna chumba cha mapumziko kando ya duka la dawa, chenye kitanda na dirisha linalofunga. Kitamfaa sana. Shangazi hana makuu. Huamka mapema, hufagia hata pasipo na takataka, na wagonjwa wanaojifanya watapona wenyewe kwa kumsikiliza. Redio mtaizoea.

Mkiona hilo ni gumu, basi chukueni pikipiki yenu, nasi tutembee kwa miguu, ili nimwombe mke wangu upya mahali ambapo kichwa chake ni chake. Siwezi kumrudisha mwanamke aliyenilea, na siwezi kuendelea kuishi na mke anayeniambia karibu chakula kama anamwambia mkaguzi. Jambo hili linanikosesha raha, na mikono yangu haishoni tena kwa mstari ulionyooka.

Nawasalimu nyote hapo ofisini: wewe mwenyewe na wa nyumbani kwako, katibu wako aliyenionyesha mlango wa kupeleka barua, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi wa getini na mwenzake wa zamu, na yeyote atakayeombwa awasomee wenzake barua hii kwa sauti.

Wako anayesubiri jibu kwa adabu,

Fundi Cherehani, Mume wa Muuguzi wa Chanjo
(na, safarini, sehemu ya kasha)

Nyongeza: Leo asubuhi cheni ya pikipiki imekatika, tukatembea. Nilimpa mke wangu barua hii aisome tukiwa njiani. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia, kisha akaniambia kwamba helmeti haizibi masikio na kwamba siku ile alinisikia, na aliitikia kwa kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa shangazi anampenda. Alichokuwa anasubiri ni mimi nimwombe nikimtazama usoni. Basi nilipomwomba pale pale barabarani, alikubali, na jioni hii maboksi yenu yanatoka na shangazi anahamia chumba cha nyuma. Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote, na umtumie cheni mpya haraka.

Ila ameniambia pia kwamba alisikia kila nilichosema kuhusu mama yake asubuhi zote hizo, kuanzia mapishi hadi ushauri, na jinsi nilivyoigiza kicheko chake tulipokuwa tunapanda kilima. Anasema kicheko ndicho alichokisikia vizuri zaidi, kwa sababu kilimani pikipiki huenda polepole. Kile chumba cha zahanati, Ndugu Mkuu, naomba kisigawiwe mtu. Nitakuja na shuka zangu mwenyewe.